Nyuzi Tisini

Mwaka wa saba huu nafundisha jiometri
darasa la bati, huku Ngamiani,
na mwaka wa saba nachora ubaoni pembetatu
isiyo na kwao: haina kiwanja, haina paa,
A na B na C zikilinda kona
za nyumba ambayo hakuna atakayehamia.

Alhamisi, saa sita kasoro, bati linatokota.
Mwanamkasi wa benchi la nyuma
akanyoosha mkono, jambo asilolizoea:
"Mwalimu, hii haipotenasi inauzwa wapi?"
Wakacheka. Nami nikacheka, nipate kutojibu.

Swali likanikaa kooni, mwiba wa changu,
ukila wali hauendi, ukinywa maji hauendi.

Ijumaa nikawatoa nje.
Tazameni mitaa yenu, nikasema,
Barabara ya Nane, ya Tisa, ya Kumi,
zimelala sambamba tangu babu zenu hawajaoa,
nani kawahi kuiona Nane ikimwamkia Tisa?
Na hii inayozikata zote ndiyo mkingamo:
pembe unayokunja kwenda kwa muuza kahawa
ndiyo ile ile utakayokunja kwa kinyozi.
Wakaandika,
mwandiko wa mtu anayetia sahihi deni la jirani.
Shemboko akauliza kama itatoka kwenye mtihani.

Jumatatu Mwanamkasi akaja na kamba.
Ya mkonge, ngumu, inanuka chokaa,
mafundo kumi na matatu, mengine yameganda saruji.
"Ya mjomba Mbelwa, mwashi, yuko Duga.
Anasema nikuulize, hiki ndicho mnachosoma?"

Nikamwachia chaki. Hakuishika.
Alikwenda kwenye kona, chini ya ramani iliyochanika,
akamweka Shemboko na fundo la kwanza,
nafasi tatu ukutani, akakanyaga konani,
nafasi nne ukuta wa pili, akamweka Zubeda,
zikabaki tano za kurudi kwa Shemboko.
"Hapa mjomba hasemi haipotenasi.
Anasema mshazari. Mshazari ukifika, msingi umekubali."

Haukufika.
Akavuta. Zubeda akavuta. Vikabaki vidole viwili.
"Kamba yako mbovu," Shemboko akasema.
"Kamba imejenga nyumba kumi na moja," akajibiwa,
"ukuta wako umejenga nini?"

Nikashusha kipimapembe changu cha mbao,
nikakiegesha konani mbele ya macho arobaini na kitu:
tisini na mbili.
Miaka saba nasifia pembe mraba
mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta mwongo.

Basi hakuna aliyekaa tena.
Walipima mlango wa choo, walipima goli,
walipima meza yangu na miguu yake,
walipofika ofisi ya mkuu mwenyewe akatoka
kuuliza nani katuma watoto wamkague.
Themanini na nane, wakamwambia. Pole, mwalimu.

Digrii kwa Kiswahili ni nyuzi.
Nimelitamka neno hilo mara elfu
bila kujiuliza nyuzi za nini, zimesokotwa na nani.
Mji huu umeota mkonge hadi kwenye lugha,
nami nilikuwa natafuta mfano kwenye ukurasa wa hamsini.

Jumatano mjomba akaitaka kamba yake.
Nyumba haisubiri mtihani.
Tukanunua yetu, mita saba, pale sokoni,
tukagawa kwa rula, nusu mita nusu mita,
kila mmoja akafunga fundo lake.
Tulipomaliza, hakuna nafasi iliyokuwa nusu mita.
Nikahesabu upya, nikakasirikia rula.

Mwanamkasi alikuwa amekwisha kaa chini, anafungua.
"Fundo linakula kamba, mwalimu.
Funga kwanza. Halafu ndiyo upime."

Hilo halimo kitabuni.
Nimeliandika pembeni, kwa penseli, ukurasa wa hamsini.